Prof. Faustina Kihwele na Makala Aliyoiondoa Mwenyewe

Tarehe 30 Juni 2026, Prof. Faustina Kihwele atakabidhi funguo za ofisi yake hapa Kituo cha Anga cha Nyanda za Juu, Mbeya, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Baadhi yetu tulikuwa hatujazaliwa alipoajiriwa.

Ni mzaliwa wa Ilula, mkoani Iringa, binti wa mkulima wa nyanya. Alikuja Mbeya mwaka 1990 kama msaidizi wa utafiti, akapanga chumba mtaa wa Soweto, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza nyigu waliojenga ndani ya antena.

Kazi yetu ni kupokea mawimbi ya redio yatokayo angani, na adui yetu ni kelele za duniani. Ndiyo maana mitambo iko porini, kilomita kumi na moja kutoka Makongolosi, na ndiyo maana kila anayefika pale hukabidhi simu yake kwa Profesa na kuiona ikiingia kwenye sufuria yenye mfuniko. Mgeni rasmi mmoja alijaribu kukataa. Simu yake nayo iliingia.

Akirudi kutoka mikutano ya nje, tulitegemea chokoleti. Alituletea vitunguu alivyonunua njiani Ruaha Mbuyuni, gunia zima, akisema chokoleti haiungi mchuzi.

Ameandika makala za kitafiti sitini na tatu, nyingi pamoja na wataalamu wa India na Afrika Kusini. Lakini ambayo hatutaisahau ni ile aliyoiondoa.

Mwaka 2012 mitambo yetu ilinasa milipuko mifupi ya mawimbi ambayo hakuna aliyeijua asili yake. Ilitokea zaidi ya mara mia katika miezi minne, nyingi mchana. Makala ikaandikwa, majina kumi na moja kutoka nchi tatu, la kwake likiwa la kwanza. Ikakubaliwa na jarida kubwa. Uprofesa wake ulikuwa unaisubiri.

Wiki mbili kabla ya kuchapishwa, Profesa aligundua kwamba milipuko ile haikuwahi kutokea Ijumaa mchana. Mimi, mwandishi wa wasifu huu, nilimwambia ni bahati tu, na kwamba anyamaze. Alichukua ufunguo wa gari.

Tulifika Makongolosi kwa Mzee Anwari, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Kila Ijumaa mzee huyu alizima jenereta lake, akaenda msikitini. Profesa alimwomba alizime na kuliwasha kwa zamu, huku mwenzetu akiangalia mitambo kule porini. Jibu lilipatikana jioni ileile: jenereta likiwashwa, milipuko ilionekana, likizimwa, kimya.

Mzee Anwari alihuzunika kuliko sisi. “Mama Daktari, kwa hiyo mashine yangu imekuharibia nyota?”

“Hapana, mzee wangu,” alimjibu. “Mashine yako haina kosa. Sisi ndio tulisikia vibaya.”

Asubuhi aliandika barua ya kuiondoa makala, akabeba lawama peke yake. Uprofesa ulichelewa miaka minne. Dkt. Nasrin, mshirika wetu mkuu kule India, alikasirika kwa kutoulizwa kwanza, akaacha kumwandikia kwa karibu miaka miwili. Hilo ndilo lililomuuma Profesa. Siku moja nilimkuta dirishani, macho mekundu, akisema ni vumbi. Ilikuwa masika.

Hakukaa kulia. Alizunguka wilaya nzima ya Chunya akipima karasha, mashine za kuchomelea na pikipiki, hadi akapata njia ya kutenganisha kelele za watu na mawimbi ya angani. Makala ya njia hiyo ndiyo inayonukuliwa kuliko zake zote. Dkt. Nasrin aliisoma, akapiga simu, wakaongea saa nzima. Nilichosikia mlangoni ni kicheko tu.

Mwaka 2019 mitambo yetu ilinasa mlipuko mmoja, na ile ya India ikaunasa vilevile. Safari hii ulitoka mbali kweli, nje kabisa ya kundi letu la nyota. Kabla ya kutangaza, Profesa alimpigia Mzee Anwari. Karasha lilikuwa limeharibika tangu juzi yake. Ndipo tuliposhangilia.

Nafasi yake inachukuliwa na Dkt. Mercy Sanga, mwanafunzi wake wa kwanza wa uzamivu. Mwezi uliopita Mercy alisimamisha matokeo yake mwenyewe kwa siku tisa ili ayahakiki upya. Hakuna aliyemshauri anyamaze.

Asante, Mama Kihwele, kwa kazi, na kwa siku zile ulizotubebea aibu iliyokuwa yetu sote. Nenda Ilula ukapumzike, uamke saa unayotaka. Mungu akupe afya na miaka mingi ya furaha. Ukitukumbuka, njoo bila taarifa, chai ipo.

Lusekelo Mwambene
Fundi mitambo