Musiinue Mukono Yangu

Karibieni, batoto yangu, weye Albert na weye Françoise, na mufunge mulango, ju Pasta iko ku baraza tangu asubui na ninajua hakuja kuangalia mvua ya hapa Ntoto. Françoise, ile telefone yenye mumesimamisha ku dirisha inaangalia nini? Usinidanganye, mama. Niko nakufa, sijakuwa kipofu. Albert ameiweka pale ichukue picha ya mukono yangu, ju banasema muntu mwenye kutengwa akiinua mukono mbele ya Pasta ao ku picha, hata mara moja, hata bila kusema kitu, amekwisha kutubu na sanduku yake ya maiti itaingia kanisani. Sawa, iacheni. Ikamate na maneno yangu pia.

Munajua sababu balinitenga. Mimi ni mutegaji, nyama inanyongwa na kamba yangu na inafia mule, na huyu Pasta, wakati alifika kutoka Goma, akafungua Matendo ya Mitume akasema mwenye kula nyama ya kunyongwa asikaribie Meza ya Bwana. Nikamuuliza: na wakati tulikimbia vita, kanisa yote ikalala mu pori, tulikula nini? Tulikula mboloko, kale kanyama kadogo, ya kamba yangu, bila chumvi. Mama yenu, Mungu amupumuzishe, aliikata vipande vidogo-vidogo ili ifikie kila muntu, pasta wa zamani akaibariki akilia, tukasema amina. Albert, meno yako ya kwanza ilitafuna ile nyama. Leo uko mushemasi, na unaniangalia kama muntu mwenye ukoma. Inaniuma, mutoto yangu, inaniuma kupita hii tumbo yenye inaniua.

Sikatai kutubu. Midomo yangu ni ya pilipili, Bwana anaijua, na kila asubui tunaongea naye juu ya hiyo. Lakini nikitubu ile nyama, nitakuwa nimesema Yesu hakukuwa na sisi kule porini. Uongo ya vile siendi nayo mbele yake.

Shamba ya mihogo na michikichi ya kando ya muto ni ya Françoise, na muntu asikuje kusema mwanamuke hariti. Pori ya mitego ni yako, Albert. Unaona haya nayo, sawa, lakini usiiuzishe, ju shemeji ya Pasta anaulizauliza mipaka yake, na mimi siamini muntu mwenye kutembeza macho mu pori yenye banaita najisi. Bakinikatalia kanisa, munizike nyuma ya nyumba, kando ya mama yenu, muimbe wenyewe, Françoise aombe. Aka! Mungu haombake Pasta ufunguo.

Maji kidogo. Hapana, si weye Albert, Françoise anipe. Asante, mama. Eh, Albert, sababu gani unashika kiwiko yangu? Unataka nini na kiwiko? Acha. Nimesema acha.

Ninataka kuwabariki. Baba anabarikia batoto mukono ikiwa juu ya kichwa, ninajua, lakini nikiinua tu, ile telefone itasema nimetubu, na mutaionyesha kanisa yote wakati sitakuwa na kinywa ya kukatala. Basi siinui. Mutashuka ninyi. Albert, weye mwenye kusimama mbele ya bantu kila siku ya Mungu, lala chini, ingiza kichwa yako chini ya mukono yangu, palepale iko, juu ya mukeka. Shuka. Shuka tena. Njo vile.

Mungu wa kule porini akulinde, akupe batoto bakupende bila kukuogopa, akutoe ile woga ya bantu. Françoise, kuja upande huu... weye ulikuwa mwema kwangu, mama, sana. Bwana abaki na... Nani amefungua mulango? Ni Pasta? Albert, usinyanyuke. Usinyanyuke kwanza, mutoto yangu... mukono itapanda na weye... bakia chini... kidogo tu...