Mgeni Akisema Ameshiba

Ndani ya bajaji iendayo bandarini Kismayo, Mzee Mzamil alitega sikio, lile ambalo, kwa kauli yake, husikia samaki wakigombana huko kisiwani Ngumi. Nyuma yake binti aitwaye Rawda alimwambia mama asiyemjua, "Kampuni ya kigeni ilinipima kama nitaelewana na wageni wa kila taifa. Waliuliza, mgeni akikataa chakula? Nikajibu, nitamsihi mpaka ale. Majibu ni leo, mama."

"Umejibu kama mchu aliyelelewa," mama akasema kwa lafudhi ya Kibajuni.

"Wenzetu labda hutaka mgeni aachwe."

"Na wewe umekula? Shika mkate huu wa mofa."

"Ahsante, nimeshiba."

"Muongo we! Kula, mwanangu."

Mzee akameza mate. Yeye hakuna aliyemsihi. Bajaji ikasimama langoni pa kampuni. Rawda akashuka mdomo umejaa, asiweze hata kuaga.

"Tafuna kwanza," mama akamwita, "ndipo uingie!"