Shingo ya Waziri na Benchi Lililojaa

Mabega ya Waziri, muuza kahawa wetu, niliyashika mimi. Nalisema mapema, kabla hujasikia mengine ukanidhania mtu mwema. Wenzangu wamenipa jina la Maamuma, kwa kuwa popote wanapokwenda mimi hufuata, kama aswaliye nyuma ya imamu. Siku ile walisema shika, nami nikashika. Mola anisamehe.

Kijiwe chetu kiko Msambweni, mkabala na duka la mafuta ya taa, pale mabasi ya Mombasa yanapopunguza mwendo. Benchi ni ubao wa lori kuukuu la kubebea miwa, tumeulaza juu ya mawe mawili ya matumbawe, na waketi watu wanne bila kubanana. Mwaka ule wa hamsini na sita, wenyeji wake walikuwa Kibwana, tuliyemwita Gazeti, asiyejua kusoma lakini hakuna habari isiyopitia kwake, Chirau, au Injinia, aliyewahi kupaka grisi mashine za sukari kule Ramisi, Matano, bingwa wa majini, aliyewajua kwa majina na kwa makabila, na mimi. Baada ya alasiri huja Waziri na dele lake la kahawa, makaa yakiwaka chini yake, mkono wa kushoto ukigonganisha vikombe, nasi tukaanza kumeza mate. Lakini wiki hiyo Waziri alikuja amekakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua. Ukimwita kwa kushoto, hugeuka mwili mzima, na dele, na makaa.

— Yakhe, umelala vibaya, — Kibwana akamwambia.

— Nimelala nilivyolala siku zote, — akajibu Waziri, huku akimmiminia. — Na linaloniumiza zaidi ni swala. Tangu Jumatatu salamu naitoa kulia tu, kushoto shingo haifiki. Jana mtu wa kushoto kwangu ameniuliza kama nimemnunia.

— Bega je?

— Lawaka. Na nikiamka asubuhi, kisigino chachoma kama nimekanyaga kaa la moto. Hali ikizidi hivi, dele atalichukua mwingine, nami kazi nyingine siijui.

Kibwana akaweka kikombe chini. Alikuwa na habari.

— Mimi nishajua. Ni mabomu.

— Mabomu gani, Msambweni hapa? — akauliza Chirau.

— Yale Wazungu wanayoyajaribu baharini, huko mbali kabisa. Maji ya bahari si yameungana? Bomu likilia kule, maji yatetemeka, samaki naye atetemeka, nawe wamla yule samaki. Ule mtetemeko waja kukutulia shingoni.

— Mbona haukutulia kwangu? Samaki nala kumshinda yeye.

— Wewe shingo huna. Kichwa chako kimepandwa juu ya mabega.

Tukacheka. Waziri naye akacheka, kisha akashika shingo kwa uchungu.

— Sikilizeni mtu aliyeona mashine, — Chirau akasema, na sauti ikampanda. — Shingo ni nati. Nati ikipata maji hushika kutu. Huyu ashinda na mvuke wa kahawa usoni, asubuhi na jioni. Mvuke ni maji. Umeingia, umeshika.

— Na kisigino? Mvuke umeshuka mpaka kisiginoni?

— Maji hushuka, Gazeti. Ulitaka yapande?

Matano alikuwa akitikisa kichwa kwa kutuhurumia.

— Mwahangaika na vya kuonekana, — akasema. — Waziri, maumivu yaanzia upande gani?

— Kulia.

— Bega la mkono wa dele. Mwaona? Kuna jini mmoja wa mikokoni, kule Funzi. Huyo hataki damu, hataki ubani, ataka kahawa. Amempanda huyu begani siku nyingi, ashinda akinusa. Sasa amenenepa.

— Hanywi? — nikauliza.

— Atakunywaje, Maamuma? Vikombe si anavyo Waziri?

Nikasema astaghfirullah, lakini nikajisogeza nisiwe upande wa kulia wa Waziri.

— Basi mwanishauri nini, ndugu zangu? — Waziri akauliza. Alituamini. Hilo ndilo linalonirudia hadi leo.

— Nati iliyoshika haibembelezwi, — akasema Chirau. — Hukatwa mara moja. Mmoja ashike mabega, mimi nizungushe kichwa. Ikilia “kwaa!”, imefunguka.

— Na jini ataanguka, — Matano akaongeza.

— Na mtetemeko utatoka, — akasema Kibwana.

Tangu benchi lile liwekwe, watatu hao hawakuwahi kukubaliana neno lolote, hata juu ya mwezi kuandama. Hilo peke yake lingetosha kunitisha.

— Maamuma, shika.

— Kwani umeshawahi kumfungua mtu, Injinia?

— Nimefungua nati kubwa kuliko kichwa chake.

Nikashika. Tulisimama sote tukamlaza Waziri chali juu ya benchi. Dele alishalitua chini, akasema bismillahi, akafumba macho. Chirau akajifuta mikono kwenye kikoi, akamtia mkono mmoja kidevuni na mwingine kisogoni. Mimi nilikuwa nimemkandamiza mabega, na moyo wake nausikia kwenye vidole vyangu.

Ndipo basi la Mombasa likasimama, akateremka kijana mmoja anachechemea, kiatu kimoja kakishika mkononi.

— Salaam aleikum. Shikamooni, wazee. Mimi Dzombo, mkata miwa wa Ramisi. Nangoja lori la shamba, nimeambiwa hapa pana kahawa. Muuzaji yuko wapi?

— Marahaba. Ndiye huyo aliyelala, — Kibwana akamjibu.

— Amekufa?

— Bado.

— Nakuja, mwanangu, — akasema Waziri kutoka chini. — Ngoja hawa wamalize kunikata shingo.

Dzombo alimtazama yeye, akalitazama dele, akatutazama sisi.

— Huyu akija hapa, huketi wapi?

— Nani? — akauliza Chirau, kidevu cha mtu kikiwa mkononi mwake.

— Muuza kahawa. Huketi wapi?

Kibwana akamtazama Matano. Matano akalitazama benchi.

— Yeye ni muuzaji, — akasema Kibwana.

— Nimeelewa ni muuzaji. Nimeuliza huketi wapi.

— Nawe wauliza kwa nini? Mtu aumwa na shingo, wewe wauliza viti.

— Kwa sababu nami niliulizwa kwanza habari za kazi yangu, ami. Nimetoka hospitalini Mombasa kwa kisigino hiki. Kuna bwana mmoja kule, kazi yake ni viungo. Nilijua atanivuta mguu, nikakamata kitanda. Hakunivuta. Aliniambia, nionyeshe kazi yako. Nikasimama pale nikakata miwa isiyokuwapo, wagonjwa wakanicheka. Akasema, waegemea mguu mmoja kutwa, na ndara zako zimekwisha soli. Akanipa chupa.

— Ya dawa? — akauliza Matano.

— Ya soda, tupu. Niiviringishe chini ya unyayo nikiamka. Na nisukume ukuta.

— Ukasogea? — akauliza Chirau.

— Nini?

— Ukuta.

— Ukuta hausogei. Hunyooka mshipa wa nyuma ya mguu.

— Umekwenda mpaka Mombasa kusukuma ukuta, na Ramisi kuta zimejaa, — akasema Kibwana. Lakini hakuna aliyecheka sana.

— Na shingo? — Waziri akauliza, macho bado kafumba.

— Palikuwa na mama mmoja, shingo imemkaza kwa kutwika maji. Alikandwa kwa kitambaa cha moto, kisha akaambiwa aigeuze mwenyewe, polepole, akifika penye maumivu arudi. Hakuna aliyemshika kichwa. Yule bwana alisema shingo ikikatwa kwa nguvu, mtu aweza kuinuka hapo hawezi kunyanyua mkono.

Nikalegeza vidole. Chirau akakiachia kidevu polepole, kama mtu anayerudisha yai penye kiota.

Dzombo aliinama ajimiminie, Matano akamzuia.

— Wewe mgonjwa. Nitakumiminia mimi.

Akalinyanyua dele kwa mkono wa kulia. Makaa yakamsogelea kanzu, akausukuma mkono mbali na paja. Bega likampanda hadi sikioni, kichwa kikalala upande. Vikombe akavishika kwa kushoto. Akasimama hivyo mbele yetu, na tukamwona Waziri mzima mzima, isipokuwa ndevu.

— Badilisha mkono, — akasema Chirau.

— Na vikombe nivigonge kwa lipi? — Matano alikuwa ameanza kutweta. — Hili zito. Walitembeza mpaka wapi, Waziri?

— Sokoni, nashuka kwa wavuvi, napanda tena hapa. Asubuhi na alasiri.

— Si nilisema? — akasema Matano, jasho lamtoka. — Si nilisema ni bega la dele?

Hata hapo alitaka ushindi. Lakini Dzombo hakuwa amesahau.

— Hamjanijibu, wazee.

Waziri alijibu mwenyewe, angali chali, uso kaelekeza mbinguni.

— Nilijaribu kuketi mara moja. Mwaka jana, mfungo ulikuwa umekwisha karibuni, miguu yanitetema. Mkaniambia benchi limejaa.

Siku hiyo naikumbuka. Tulikuwa wawili tu, mimi na Kibwana, na katikati yetu kofia ya Kibwana. Kibwana alisema limejaa. Nami Maamuma nikaitikia, limejaa.

Nikayaachia mabega. Tulimwinua kwa mgongo, taratibu, akabaki ameketi. Kibwana akaivua kofia yake, akaishika magotini. Chirau akakipasha kitambaa juu ya makaa, akauliza kwanza kabla ya kumwekea shingoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Matano alimimina kahawa, nyingine akaimwaga chini, na kikombe cha kwanza akampa Waziri. Dele likaisha. Hakuna aliyedai kuongezewa.

Waziri akajaribu mwenyewe kugeuka kushoto, nilikoketi mimi. Macho yalifika kwenye bega langu, yakarudi. Akajaribu tena.

— Sheikh Waziri, — nikamwambia, — nilikukosea.

— Nakusikia, — akasema. — Lakini uso wako sijaufikia bado.

Lori la miwa likaja, Dzombo akapanda, na kabla halijaondoka alimtajia Waziri siku ya kumwona yule bwana wa viungo. Waziri akasema atakwenda, na Matano akasema dele atalibeba yeye siku hiyo, mpaka sokoni tu.

Nawe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja. Kesho muuza kahawa akipita penu, usimuulize shingo yake. Sogea.