Kamba Mbili Juu ya Maji

Wanajumuiya wenzangu, amani iwe nanyi. Mliosimama kule nyuma naomba mkae, maana nikiwainulia macho mnakuwa wawili wawili. Mnacheka. Leo na mimi nacheka.

Mnajua hizi pawatila, trekta ndogo za kulimia, zinavyowashwa kwa kuzungusha hendeli. Yetu ilirudisha hendeli kwa nguvu, ikanipiga chini ya jicho la kushoto. Hospitalini daktari akasema, "Dada, sakafu ya jicho imevunjika, jicho limezama. Tutaweka kibamba chembamba cha kulishikilia. Mfupa ukishaunga, kitayeyuka chenyewe."

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilisikia kuyeyuka tu. Baada ya upasuaji, kila asubuhi nilishika kioo nione kama jicho limeanza kuzama tena. Shavu lilikuwa na ganzi, kama shavu la mtu mwingine. Vikombe niliviona viwili, chai nikaimimina nje. Nikaacha kusali. Nikamwambia mume wangu atafute mtu wa shamba, mimi nimekwisha.

Wakati wa kupandikiza mpunga, wifi yangu akanikokota hadi shambani. Tunapanda kwa kufuata kamba ili mistari inyooke. Mimi niliona kamba mbili, nikafuata ile isiyokuwepo.

"We wifi! Unachonga barabara ya kwenda Mngeta?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nikatupa miche, nikakaa kwenye tope, nikalia. Wifi akanifuata kwenye tope. Akaniwekea ncha ya kamba mkononi.

"Basi shika tu. Nitapanda mimi. Ukiona moja, useme."

Nikashika. Tulimaliza shamba letu, tukaenda kwa majirani, na kamba bado mbili. Sikuwa na tumaini. Nilikuwa na kazi tu. Hadi asubuhi moja zile kamba zikasogeleana, zikagusana, ikabaki moja juu ya maji. Niliogopa hata kupumua.

"Vuta, wifi! Umelala?"

"Ni moja."

Akaja mbio akirusha matope, akanikumbatia, tukalia wote. Kisha akanipa miche. "Panda sasa. Mgongo wangu umekufa."

Nawashukuru madaktari, mume wangu, na wifi yangu, huyo anayejificha nyuma ya kitenge. Daktari anasema huku kuona viwili nikitazama juu huenda kusiondoke. Siwezi kuwadanganya. Ila nawasihi: mkimwona aliyeumia, msimwambie atapona, hamjui. Mpeni kazi anayoiweza leo, mkae naye. Jicho langu halijarudi lote, nami nimeacha kulingoja.