Bravin Owiti, Gitaa la Kwanza la Radi Kavu

Ndugu waombolezaji, majirani wa Sindo na wageni mliotoka Migori na Muhuru Bay, maneno haya yameandikwa na mama wa marehemu, Filister, na mjomba wake Willis amepewa kazi ya kuyasoma kama yalivyo, bila kupunguza.

Marehemu Bravin Owiti alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 hapa Sindo, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akafanya mtihani wa kidato cha nne Homa Bay mwaka 2012 na kupata alama ya D, ambayo mama yake haoni sababu ya kuificha leo.

Mwaka 2013 alianza kazi ya kuchomelea vyuma Muhuru Bay, akaiacha kabla mwaka haujaisha, akaingia bendi ya harusi Homa Bay, ambako alimfundisha gitaa mwenzake Nyangau tangu namna ya kubana nyuzi. Mwaka 2017 alimwoa Valary kutoka Migori, wakajaliwa binti mmoja, na mama wa marehemu, aliyeanika na kuuza dagaa wa omena kuwalisha wote watatu, anasema alikuwa mwana mpole na mume asiyeonekana nyumbani.

Januari 2023 aliungana na Werema, mwimbaji aliyetamba Migori, na Mochama, mpiga dramu wa Muhuru Bay, kila mmoja akiwa ameiacha bendi yake ikifa nyuma yake, wakaunda Radi Kavu, bendi ya roki nzito, ambayo vijana waliiita bendi ya majogoo, yaani nyota watupu, na wazee waliposikia mayowe yake wakauliza ni nani anayeumwa. Albamu yao ya kwanza, Mwamba, walianza kuirekodi Agosti 2024 sebuleni kwa marehemu, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani kuzuia kelele, mke na mtoto wakilala kwenye mkeka.

Novemba mwaka huo figo zilimwangusha, vidole vikavimba, akalazwa hospitalini Homa Bay. Siku ya Pasaka Werema na Mochama walimletea albamu iliyokamilika, wakamwambia, “Omera, ndugu yetu, sikia kazi yako, umeua!” naye akavaa spika za masikioni, na wimbo wa kwanza haujaisha akazivua, akasema, “Mama, huyu si mimi, huyu ni Nyangau.” Werema alicheka kwanza, kisha akakubali kwamba sehemu zote za gitaa zilipigwa upya na Nyangau, kwa kuwa mgonjwa alikuwa akiwachelewesha, na kwamba zile za mwanzo zilifutwa. Marehemu aliomba jambo moja tu, jina lake liondolewe kwenye kazi isiyo yake, wakaahidi, na Jumapili tarehe 11 Mei 2025 akafariki.

Jana mchana wanabendi hao wawili, pamoja na Nyangau, waliingia bomani na jenereta, spika na bango lenye uso wa marehemu, chini yake pameandikwa kwamba gitaa ni la Bravin Owiti, wakamweleza mama kwamba katika nchi hii ya Wajaluo mwanamuziki hazikwi kimya, kwamba watu wamejaa, na kwamba albamu itazinduliwa leo jeneza likiwa hapa, naye Mochama akaongeza, “Mathe, maiti huuza,” huku Nyangau akitazama viatu vyake. Mama aliwauliza kama wanao wimbo hata mmoja wenye mkono wa mwanawe, mmoja tu, Werema akarudia kwamba zote zilifutwa. Mama anajua kwamba msanii kuzikwa bila muziki ni aibu kwa boma, na aibu hiyo ameikubali, ndiyo maana tangu asubuhi hamjasikia kitu, na bango limetumika kuwashia moto wa chai mliyokunywa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni na maji, na wenzake wa bendi kwa kufika, ambao jenereta yao iko nyuma ya choo, waichukue wakiondoka, ila Nyangau asiende kabla ya kula.

Pumzika kwa amani, Bravin, leo hakuna anayepiga badala yako.