Felista Amuria na Nyayo za Lokiriama

Ndugu waombolezaji, baba padre, wazee wa ukoo, majirani wa hapa Lodwar na wageni mliosafiri kutoka Kakuma, Kaaleng, Lokitaung na Lokiriama, karatasi hii ilipaswa kusomwa na shemeji yangu, lakini familia imeniruhusu mimi, Erupe Nangiro, mume wa marehemu, niisome mwenyewe, kwa kuwa mengi yaliyomo nilikuwapo yakitendeka, na mahali ambapo sikuwapo nitasema hivyo.

Marehemu Felista Amuria alizaliwa Kaaleng, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Aregae na mama yetu, ambao wote wametangulia. Cheti chake cha shule kinaonyesha tarehe 14 Machi 1964, tarehe ambayo, kama alivyopenda kueleza, ilichaguliwa na mwalimu aliyekuwa na haraka, lakini kitabu cha ubatizo cha Lokitaung kinasema alibatizwa tarehe 5 Aprili 1966 akiwa amekwisha kutembea na kukataa kunyamaza, kwa hiyo mwaka tunaukubali na siku tunaiacha.

Alisoma shule ya msingi Lokitaung kuanzia 1971 hadi 1977, na sekondari hapa Lodwar kuanzia 1978 hadi 1981. Mwaka 1982 alijiunga na chuo cha mifugo, Kabete, akiwa msichana pekee kutoka Turkana katika darasa lake, akahitimu mwaka 1984. Wenzake wa chuo waliniambia kwamba alikuwa akimchosha mwalimu kwa swali moja, ambalo aliliuliza kuhusu kila ugonjwa na kila mnyama, yaani, umejuaje?

Aliajiriwa na idara ya mifugo tarehe 1 Septemba 1984, akafanya kazi Lokitaung hadi 1992, akahamishiwa Kakuma, ambako alisimamia afya ya mbuzi wa wenyeji na baadaye wa wakimbizi pia, na mwaka 2003 akarudishwa Lodwar akiwa na jukumu la kuzunguka upande wa magharibi hadi mpaka wa Uganda. Alichanja, alitibu, aliogesha mifugo kwa dawa ya kupe, na alifundisha watu wasiwaachie mbwa matumbo ya mbuzi wala kula nao chombo kimoja, kwa sababu kutoka kwa mbwa ndiko kunakotoka ule uvimbe wa maji tumboni ambao sisi Waturkana tunaujua kuliko watu wengi.

Tulifunga ndoa kanisani hapa Lodwar Jumamosi tarehe 19 Desemba 1987, na ndoa ya kimila, yenye fahali wake na nyimbo zake, ikakamilika mwaka 1994, kwa kuwa ukame wa miaka ile ulitukatalia mapema zaidi. Tulijaliwa watoto watatu, Lomenen, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1989, Narupe, aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1991, na Ewoi, aliyezaliwa na kufariki mwezi Mei 1995, naye tunamhesabu.

Sasa nafika mwaka 2012, na mtaniwia radhi nikikaa hapo kwa muda, kwa sababu yeye mwenyewe alikaa hapo.

Jumanne tarehe 6 Novemba 2012 aliitwa kwenye boma la Mzee Lokorio, nje kidogo ya Lokiriama, ambako punda mmoja na ndama wa ngamia walikuwa wameuawa. Vijana wa boma walikuwa wamekwisha kuamua kwamba ni fisi, na walipomwona ameinama juu ya mzoga akichunguza koo badala ya tumbo walianza kumtania, mmoja akamwambia, "Mama, wewe unataka iwe simba? Simba sisi tunajua ile imechorwa kwa shilingi tu, na hiyo inasimama kwa miguu mbili, imeshika mkuki." Alicheka pamoja nao, kwa sababu ilikuwa kweli, kijana yule alikuwa na miaka ishirini na mitano na hakuwahi kuona unyayo wa simba maishani mwake, wala baba yake hakuwa ameuona kwa zaidi ya miaka thelathini. Halafu akatandaza mfuko wa nailoni angavu juu ya alama iliyokuwa kwenye udongo mkavu wa kisima, akaichora kwa kalamu kama ilivyo, akaipima kwa tepu ile ile anayopimia vifua vya ng'ombe, upana sentimita kumi na tatu, bila alama ya kucha.

Alipoleta habari hiyo mjini, afisa mmoja, ambaye simtaji, alimjibu kwamba katika ramani yake simba hawapo upande huo. Amuria alimuuliza kwa upole kama simba naye ameonyeshwa hiyo ramani. Wenzake wa ofisini walianza kumwita Mama Simba, naye akawaambia, "Bado sijamwona, msinipe jina la mtu ambaye hatujasalimiana naye."

Alijua kwamba hapa kwetu wajuzi wa jambo hili walikuwa wamebaki wachache, kwa hiyo alikwenda na nailoni yake Kakuma, kwenye soko la mbuzi la kambini, akamtafuta Bwana Madut, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Sudan Kusini, ambaye yupo hapa leo, na ambaye utotoni alilala kwenye kambi za ng'ombe ambako simba walikuwa jambo la kila msimu. Madut aliitazama nailoni akiwa bado ameshika mbuzi kwa sikio, akasema, "Mama Amuria, hii si fisi. Fisi hana mahali ya kuweka kucha, anatembea nazo nje. Huyu ameficha yake. Huyu ni mkubwa, na ni dume." Kisha akaongeza, na soko zima likacheka, "Amevuka mpaka bila karatasi, na mimi yangu nilingoja miaka mbili!"

Ni Madut pia aliyempa swali lililomshika hadi mwisho. Alimweleza kwamba dume peke yake ni mpita njia, anaweza kutembea wiki nyingi akitafuta eneo, asilipate, akarudi alikotoka, lakini akija jike, basi hao wamehamia. Tangu siku hiyo mke wangu hakuuliza tena kama ni simba, aliuliza kama kuna jike, kwa kuwa jibu la swali hilo, alisema, ndilo litakalotuambia kama tunahitaji subira ya mwezi mmoja au namna mpya ya kuishi.

Alitaka pia kujua kwa nini sasa. Katika daftari lake ameandika sababu nne, amani upande wa pili wa mpaka, bunduki kupungua, nyasi za nyanda ambazo wafugaji walizikimbia kwa miaka mingi kwa kuogopa uvamizi, na swala kurudi kwenye nyasi hizo, na mbele ya kila sababu ameweka alama ya kuuliza, hakuifuta hata moja.

Tarehe 23 Mei 2013 tulikwenda pamoja Lokiriama, mimi nikiwa na likizo fupi kutoka shuleni ninakofundisha jiografia, na kwenye ukingo wa lugga moja, mto mkavu wa mchanga, tulikuta nyayo nyingine, ndogo zaidi. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili ya tepu. Zilikuwa sentimita kumi na nusu. Nilisema, "Ndiye jike," naye akasema, "Au dume kijana, au umepima mguu wa nyuma, mwalimu." Nilikuwa nimepima mguu wa nyuma. Mguu wa mbele ulikuwa umekanyagwa na mbuzi.

Siku kumi baadaye Mzee Lokorio alipoteza ngamia jike aliyekuwa akiwapa maziwa watoto wa nyumba mbili, na Jumapili tarehe 2 Juni Amuria alimkuta ameketi kando ya mzoga, na karibu naye chupa ya dawa ya kupe, dawa ambayo idara ya Amuria ndiyo iliyomgawia, akiwa tayari kuimimina kwenye nyama. Kwenye kikao kilichofuata nilikuwepo. Wanaume walizungumza kuhusu mikuki na bunduki na sumu, kwa hasira ya haki kabisa, na Amuria hakubishana nao, aliwaambia tu kwamba mbwa watakufa kwanza, kisha tai, na kwamba mtoto wa boma lolote akiokota nyama hiyo hakuna chanjo atakayoweza kumletea. Kisha akainuka, akaenda kuketi kwa wanawake.

Kwetu, kama mnavyojua, ua wa miiba unajengwa na wanawake, na katika kikao kizima hakuna aliyewauliza kitu. Alimuuliza bibi wa boma, Ata Nakwawi, jinsi mama yake alivyojenga. Ata Nakwawi alimtazama kama mtu aliyesubiri kuulizwa kwa miaka mingi, akasema, "Hawa wasichana wanajenga ua wa kumzuia mbuzi asitoke. Sisi tulijenga wa kumzuia mtu asiingie." Akaeleza kwamba shina la kila tawi lilikaa ndani na miiba nje, ili tawi livutwe kutoka ndani tu, kwamba ua ulifika urefu wa mwanamke aliyenyoosha mkono, na kwamba ndama walikuwa na zizi lao dogo katikati, si pembeni karibu na nyumba kama siku hizi. Vijana walipocheka kwamba hiyo ni kazi ya wiki nzima, aliwajibu, "Basi laleni nyie mlangoni, si mna nyama zaidi ya punda?"

Amuria akarudi kwa Mzee Lokorio na ombi moja. Hakumwomba chupa, alimwomba siku, kuanzia siku ile hadi tarehe 31 Agosti, wanawake wajenge ua kwa namna ya zamani, na yeye atafute jike. Mzee akaifunika chupa, akasema, "Nimekupa." Mzoga ukazikwa jioni ile ile.

Hapa ndipo historia ya kazi yake inapokutana na historia ya ugonjwa wake. Maumivu ya ubavu wa kulia yalimwanza mwishoni mwa 2011. Mwezi Februari 2013 picha ilionyesha uvimbe wa maji kwenye ini, ule ule aliowaonya watu kwa miaka ishirini na minane, naye alipoiona picha alimuuliza daktari upana wake kwa sentimita. Upasuaji ulipangwa mwezi Juni. Tarehe 10 Juni aliomba usogezwe hadi wiki ya kwanza ya Septemba, daktari akamweleza hatari waziwazi, mbele yangu, naye akachagua. Nilimwomba abadilishe mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Erupe, nikilala kitandani mwezi mmoja, mzee ataifungua ile chupa, na hatutajua kamwe." Sitasema kwamba sikukasirika. Nasema tu kwamba alijua alichokuwa akikipima.

Alikwenda Lokiriama mara nne zaidi. Ua ulikamilika mwishoni mwa Juni, na tangu hapo hakuna mnyama aliyechukuliwa ndani yake, ingawa punda mmoja aliyelala nje alipotea mwezi Julai. Jike hakumpata, wala hakupata ushahidi kwamba hayupo.

Jumanne tarehe 13 Agosti uvimbe ulipasuka akiwa nyumbani, akakimbizwa hospitali hapa Lodwar. Alhamisi tarehe 15 alikuwa na nafuu kidogo, na mtoto wa Mzee Lokorio akapiga simu kusema wameona nyayo mpya, za wanyama wawili sambamba. Nilimwekea simu sikioni. Aliuliza, "Ni udongo au mchanga?" Akajibiwa ni mchanga. Akasema, "Basi hazipimiki," akataka kucheka, akashika ubavu. Jumamosi tarehe 17 Agosti 2013, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Felista Amuria alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, kwa hesabu ya yule mwalimu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka na bila kutuficha neno, majirani waliochota maji na kupika tangu Jumamosi, wenzake wa idara ya mifugo, walimu wenzangu, Bwana Madut na watu wa soko la Kakuma waliochinja kwa ajili ya wageni, na Ata Nakwawi, ambaye hakuweza kusafiri.

Wa mwisho ninayemshukuru ni Mzee Lokorio. Alifika nyumbani kwangu juzi Alhamisi, akiwa amekuja sehemu kwa miguu na sehemu kwa lori, na baada ya salamu nilimkumbusha, kwa kuwa nilidhani ni wajibu wangu kusema kweli, kwamba muda waliokubaliana unaisha Jumamosi ijayo, na aliyeuomba hayupo tena, kwa hiyo hana deni kwa mtu yeyote. Alinijibu kwa Kiturkana, nami nimeomba ruhusa yake niyatafsiri maneno hayo mbele yenu, mkiwa mashahidi, "Sikukopesha. Siku zile nilimpa yeye, na mtu akifa hatumnyang'anyi tulichompa. Mtakapomaliza hapa, uje na tepu. Kuna udongo wa kisima, nimekataza mbuzi wasipite."

Nitakwenda Jumatatu.

Pumzika sasa, Amuria, kwa amani.