Mukono Haiendi ku Kilio

Ndani ya basi ya Kavumu, ingénieur mumoja alikuwa anaonyesha mama wa kitambaa cheusi kichwani, jirani yake, picha mbili za mikono ya roboti ku telefone. Mama hakumuomba.

"Hii inabeba kilo dix, kumi tu, ile seize, kumi na sita. Zote zinafanya kazi pembeni ya watu. Ikikugusa tu, inasimama. Patron wa usine, kiwanda ya sabuni, anataka nimuchagulie moja."

"Ile usine ya Ibanda? Mimi napanga sabuni mu carton pale."

Ingénieur akakohoa. Mutu mwingine angenyamaza, lakini huyu alikuwa amesoma.

"Maman, shida yenu ni moja. Mutu akikufa, wote munatoka ku kazi. Mukono haiendi ku kilio."

"Ni kweli," mama akasema polepole. "Jana tulizika Lydie wa ku carton. Watu sita wa équipe yetu walimubeba, matope mpaka ku magoti."

Basi ikasimama. Mama akakusanya kikwembe chake.

"Basi chagua ile ya seize. Mimi niko na kilo soixante-quatre, sitini na ine. Umuambie patron anunue mikono ine, siku yangu ikifika zinibebe."